Ndege ya mbao: Mhimili wa bawa huachia kwenye kiungo

UKISIMAMA karibu na Kiwanja cha Ndege cha Arusha, Kisongo, utaziona ndege aina ya Cessna Caravan zikipaa na watalii kuelekea Serengeti. Mabawa yake yako juu ya kiwiliwili, na kila upande ipo nguzo moja ya mshazari inayotoka ubavuni hadi chini ya bawa. Nguzo hiyo ndiyo mhimili wa bawa.

Kijana anayechonga mfano wa ndege hiyo kwa mbao huona ni rahisi kuubandika mhimili mwishoni kabisa, kama pambo. Hapo ndipo kazi ya wiki nzima hupotea katika mrusho mmoja.

Si kila ndege huuhitaji. Dornier Do 27 yenye milia ya punda milia, ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, haikuwa nao. Mabawa yake yalijitegemea kwa boriti imara iliyofichwa ndani. Katika Caravan, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, mhimili hubeba sehemu ya mzigo huo, na bawa huweza kuwa jepesi zaidi.

Je, mhimili hufanya kazi gani? Wengi hudhani hulisukuma bawa juu lisianguke. Ndivyo ilivyo ndege ikiwa imesimama ardhini. Angani mambo hugeuka: hewa hulinyanyua bawa, na mhimili hulizuia lisikunjike kuelekea juu. Kwa hiyo mhimili huvutwa, tena kwa nguvu kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue mfano wa Caravan uliopunguzwa mara 20. Ndege halisi ina mita 15.87 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Mfano utakuwa na karibu sentimita 79. Tuseme una uzito wa gramu 200. Ukiruka kwa utulivu, kila bawa hubeba gramu 100. Iwapo shina la bawa halikukazwa na mhimili umeshika katikati ya bawa kwa pembe ya digrii 30, huvutwa kwa nguvu ya gramu 200. Pembe ikiwa digrii 15, nguvu hiyo hukaribia gramu 390. Ukikata kona kali, mzigo waweza kufika mara tatu, yaani zaidi ya kilo moja ikining'inia kwenye tone la gundi.

Kijiti cha mwanzi cha kuchomea mishikaki hustahimili mzigo huo bila taabu. Msonobari, mti unaopandwa pia katika Shamba la Miti la Meru/Usa, nao hufaa, mradi nyuzi za mbao ziende sawa na urefu wa kijiti na pasiwe na fundo. Kinachoachia ni kiungo. Kwa sababu hiyo, mhimili usigundishwe kwenye ngozi nyembamba ya bawa, bali ufike kwenye boriti yake. Toboa tundu dogo, ingiza ncha ya kijiti, zungushia uzi wa nailoni kupita pande zote za boriti, kisha loweza uzi huo kwa gundi ya mbao. Fanya vivyo hivyo ubavuni, kwenye fremu ngumu ya kiwiliwili.

Ndege inapotua kwa kishindo, mhimili husukumwa badala ya kuvutwa, na kijiti kirefu chembamba hupinda. Piper Super Cub, ndege ndogo iliyotumiwa sana na wahifadhi wa Afrika Mashariki, ina mihimili miwili kila upande kwa umbo la V, na vijiti vifupi vinavyoishika katikati. Kijiti kikishikwa katikati, uwezo wake wa kutopinda huongezeka takriban mara nne. Jambo hili lina uzito zaidi Arusha, kwani Kisongo iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 13 kuliko ya pwani, hivyo mfano uleule hutua kwa kasi zaidi kuliko ungetua Tanga.

Usikate mihimili kwa kufuata mchoro pekee. Funga mabawa kwanza, yaegemeze kwenye vipande vya mbao, kisha pima kwa kamba kutoka kila ncha hadi mkiani; pande zote zilingane. Ndipo upime urefu wa mhimili kwenye ndege yenyewe. Mhimili mfupi hata kwa milimita mbili, ukilazimishwa, hulivuta bawa na pengine kulipotosha, na ndege huzunguka upande mmoja daima. Ukitumia ubapa wa msonobari, piga msasa ukingo wa mbele uwe mviringo na wa nyuma uwe mwembamba, kwani kijiti cha duara hukokota hewa mno.

Gundi ikikauka kwa siku nzima, igeuze ndege chali, ishikilie kwenye kiwiliwili, na uweke kifuko cha mchanga cha gramu 300 katikati ya kila bawa. Kiungo kikiachia ilhali kijiti ni kizima, ongeza mizunguko ya uzi, usinenepeshe kijiti.