Sigari ikikauka au ikilowa: namna ya kuirudisha sawa bila kuiharibu

Sigari, ile sigara kubwa ya majani matupu yaliyokunjwa kwa mkono, inatoka mbali: Cuba, Jamhuri ya Dominika, Nicaragua. Ikifika Goma, Bukavu ao Kindu, mara nyingi imekwisha kupita kwenye ndege yenye hewa kavu, katika depo ya joto, kisha kwenye rafu ya butike. Ndiyo maana mtu anatoa pesa nyingi, anawasha, na anakuta moshi mkali, ao moto unazimika kila dakika. Sigari yenyewe inaweza kuwa nzuri. Tatizo ni maji yaliyo ndani ya majani.

Jani linapumua

Jani la tumbaku, hata kama limekauka, linaendelea kuvuta maji kutoka hewani na kuyaachilia. Ndani ya sigari kuna majani ya katikati, jani la kuyafunga, na jani la juu ambalo ni jembamba sana. Wauzaji wengi wanatunza sigari kwenye unyevu wa hewa wa 65 mpaka 70 kwa mia, na joto la digri 18 mpaka 21.

Huku kwetu si rahisi. Wakati wa kiangazi cha Juni mpaka Agosti, hewa ya mchana milimani inakausha. Kindu na Kisangani shida ni kinyume: joto na unyevu vinakuja pamoja.

Namna ya kuitambua

Bonyeza polepole kwa vidole viwili. Sigari nzuri inabonyea kidogo kisha inarudi. Ile kavu inalia kama majani makavu na jani la juu linapasuka. Inaungua haraka na moshi wake unachoma ulimi. Ile iliyolowa ni laini kama sifongo. Kuvuta ni kazi, inaungua upande mmoja, na inazimika.

Ikiwa kavu

Usiipulizie maji, wala usiifunge na kitambaa kibichi. Majani ya ndani yakivimba kwa haraka, jani la juu linapasuka.

Tafuta kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri na kisicho na harufu. Weka ndani sifongo kidogo chenye maji yaliyosafishwa, yale ya kuongeza ndani ya batri, yasiyo na asidi, juu ya kifuniko cha chupa. Sifongo kisiguse sigari. Zigeuze kila siku mbili ao tatu. Kazi hii inaomba wiki mbili mpaka nne. Hata hivyo, iliyokaa kavu miezi mingi haitarudisha harufu yake yote.

Ikiwa imelowa

Iweke siku moja mpaka tatu ndani ya sanduku la mbao kavu, bila kitu chenye maji, mbali na jua na mbali na makaa. Lakini mvua ikinyesha kila siku, kuiacha wazi mezani hakusaidii, sababu hewa yenyewe imejaa maji. Hapo tumia vile vifuko vya punje vinavyopatikana ndani ya viatu vipya, kama bado havijavuta maji. Vitie ndani ya kisanduku kilichofungwa, visiguse sigari, na uangalie kila baada ya masaa machache.

Wengine husema: "Weka tu mu frigo." Hapana. Hewa ya frigo inakausha, na sigari inachukua harufu ya samaki na vitunguu.

Kupima kwa chumvi

Mwenye kipima-unyevu anaweza kukihakikisha. Tia chumvi ya jikoni ndani ya kifuniko cha chupa, ongeza matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito. Fungia pamoja na kipima-unyevu ndani ya kisanduku kwa siku moja. Kinapaswa kuonyesha 75. Kikionyesha 70, basi kila mara ongeza 5.

Ukungu na wadudu

Unyevu ukipita 75 kwa mia, ukungu unaanza. Sigari yenye ukungu itupwe. Tundu dogo la mviringo ni alama ya mdudu wa tumbaku, ambaye huzaana wakati wa joto. Mdudu huyo anakula pia unga, nafaka na viungo. Kwa hiyo sanduku la sigari lisikae karibu na ekiba ya chakula. Muuzaji akiona tundu moja, atenge sanduku lote.

Afya

Kurekebisha unyevu kunabadilisha ladha, hakuondoi sumu. Sigari moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Hata asiyemeza moshi yuko kwenye hatari ya kansa ya mdomo, koo na umio, na watoto walio karibu wanapumua moshi huo. Anayeuza ao kununua ajue yote mawili: bidhaa inaharibika kwa hewa, na mwili unaharibika kwa bidhaa.