Kwa nini mteja wa Isiolo hufanana na mvamizi machoni pa seva

MWISHONI mwa Julai 2023, Wakenya waliotaka kulipia huduma za serikali kupitia tovuti ya eCitizen walikumbana na kurasa zisizofunguka. Mnamo Julai 27 mwaka huo, Bw Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, alithibitisha kwamba mfumo huo ulikuwa umeshambuliwa.

Kwa mujibu wa maelezo yake, wavamizi walijaribu kuusonga mfumo kwa maombi mengi kupita kiasi, ila hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mnamo Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan, wakidai kundi hilo lilifanya zaidi ya mashambulizi 35,000 ya aina hiyo katika muda wa takriban mwaka mmoja.

Shambulizi hilo lilikuja wiki chache tu baada ya Rais William Ruto kuzindua rasmi zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Kwa mkazi wa Nairobi, tovuti kufungika ni usumbufu. Kwa mkazi wa kaunti ya Isiolo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000 na watu 268,002 kwa hesabu ya mwaka 2019, huenda ikawa ni safari nzima kupotea bure. Anayetoka Merti au Garbatulla kufuata cheti cha kuzaliwa mjini Isiolo hawezi kuambiwa kirahisi arudi kesho.

Hata hivyo, tatizo la mkazi huyo halikwisha eCitizen iliporejea. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtu mwenye mtandao dhaifu na mvamizi anayetaka kuiangusha tovuti hufanana sana machoni pa seva, yaani tarakilishi inayohifadhi tovuti na kuwahudumia wanaoitembelea. Wote wawili hushika nafasi kwa muda mrefu, husema kidogo, na mara nyingi huondoka bila kuaga. Kuwatenganisha ni kazi ya wale wanaosimamia miunganisho ya seva, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa lugha za skripti kama vile PHP, Python na Lua.

HODI BILA KUAGA

Simu inapofungua tovuti, hubisha hodi kwa ujumbe mfupi. Seva huitika karibu, nayo simu hujibu kwamba imesikia. Baada ya jumbe hizo tatu, muunganisho huwa umefunguliwa chini ya itifaki ya TCP. Kazi ikiisha, kila upande hutuma ujumbe wa kuaga na nafasi ikaachwa wazi.

Utaratibu huo ni mzuri iwapo kila mmoja atauzingatia. Lakini chukulia msafiri aliye ndani ya basi linalotoka Isiolo kuelekea Moyale. Ametuma fomu, basi likaingia mahali pasipo na mawimbi ya simu, na muunganisho ukakatika. Simu yake haikupata nafasi ya kuaga. Seva nayo haina macho ya kuona kwamba mgeni amekwenda, hivyo huendelea kumsubiri.

Subira hiyo yaweza kuwa ndefu ajabu. Katika mfumo wa Linux, hata programu inapoomba miunganisho iliyonyamaza ichunguzwe, uchunguzi wa kwanza kwa mpangilio wa kawaida hufanyika baada ya sekunde 7,200, yaani saa mbili. Ndiyo maana programu za seva huwekewa vikomo vyake vyenyewe, vifupi zaidi.

NAFASI ZINAPOJAA

Kikomo kinahitajika kwa sababu nafasi zina idadi. Seva ya Apache, iliyoanza mwaka 1995, ina mpangilio mmoja ambao humtengea kila mteja mchakato wake, na kwa kawaida michakato hiyo haizidi 256 kwa wakati mmoja. Mteja wa 257 hukaa kwenye foleni hadi mmoja aliyetangulia atoke.

Mnamo 2009, mtaalamu wa usalama Robert Hansen alionyesha hatari ya mpangilio huo kwa programu aliyoiita Slowloris. Programu hiyo haikuhitaji mashine nyingi wala mtandao wenye kasi. Ilifungua mamia ya miunganisho, kisha ikawa inatuma ombi lake kidogo kidogo bila kulimaliza kamwe. Nafasi zote zilijaa wageni wasiosema haja yao, na wateja wa kweli wakabaki nje.

Hapo ndipo mkazi wa Isiolo anapoingia mashakani bila kosa lolote. Simu yake iliyo mbali na mnara nayo hutuma ombi kidogo kidogo. Msimamizi akikata kila muunganisho wa polepole, atamfungia nje mvamizi pamoja na mwananchi. Akiwaachia wote, seva itaanguka.

Njia ya haki ni kupima maendeleo badala ya kasi peke yake. Kwa mfano, moduli ya Apache iitwayo mod_reqtimeout kwa kawaida humpa mteja sekunde 20 za kutuma kichwa cha ombi, kisha humwongezea sekunde moja kwa kila baiti 500 zinazowasili, mradi jumla isizidi sekunde 40. Anayesonga mbele huongezewa muda, naye anayedondosha neno moja moja ili kushikilia kiti hutolewa.

Hata hivyo, kipimo hicho kina ubaya wake. Mwili wa ombi, kwa mfano picha inayoambatishwa kwenye fomu, nao hupimwa kwa baiti 500 kila sekunde baada ya sekunde 20 za mwanzo. Picha kubwa inayopita kwenye mtandao ulio chini ya kiwango hicho itakatwa njiani. Skripti ya PHP haiwezi kumwokoa mteja huyu, kwani kwa kawaida huanza kutekelezwa baada ya ombi lote kufika. Tiba ni kuipunguza picha ikiwa bado kwenye simu, au kuituma kwa vipande vidogo vinavyoweza kuendelea pale vilipokatikia.

KUUCHUNGUZA MLANGO

Kabla ya kumkata mtu yeyote, ni sharti msimamizi ajue walio ndani wanafanya nini. Apache ina ukurasa wa hali unaoonyesha kila mchakato kwa herufi: R kwa anayesomwa ombi lake, W kwa anayepelekewa jibu, na K kwa anayengojewa iwapo ana ombi jingine. Seva ya nginx, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004 na Igor Sysoev wa Urusi, nayo hutoa hesabu za namna hiyo.

Skripti fupi ya Python yaweza kuusoma ukurasa huo kila dakika na kupiga mbiu mambo yanapobadilika. Herufi R zikijaa ghafla huku miunganisho hiyo ikitoka kwenye anwani chache, yamkini ni uvamizi. Zikiwa zimetawanyika, moja hapa na mbili pale, huenda ni wananchi wenye mtandao dhaifu. Herufi W zikijaa, kosa mara nyingi si la wateja hata kidogo, bali ni hifadhidata iliyolemewa.

Kumbukumbu za nginx zina ishara nyingine yenye manufaa, nayo ni namba 499. Huandikwa pale mteja anapofunga muunganisho kabla ya kujibiwa. Namba hiyo ikiongezeka, maana yake ni kwamba watu wanachoka kusubiri au mitandao yao inakatika. Msimamizi anayeipuuza huweza kudhani tovuti yake ni nzima ilhali wateja wanaondoka mikono mitupu.

SKRIPTI INAPOULIZA

Ndani ya PHP, skripti yenyewe inaweza kuuliza hali ya muunganisho inaouhudumia. Amri ya connection_status hurudisha 0 ikiwa mteja bado yupo, 1 ikiwa ameondoka, na 2 ikiwa muda uliotengwa umekwisha. Muda huo kwa kawaida ni sekunde 30, ingawa kwenye Linux hesabu hiyo kwa kawaida haijumuishi muda ambao skripti inangojea hifadhidata.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. PHP haitambui kwamba mteja ameondoka hadi ijaribu kumtumia kitu. Skripti inayofanya kazi kimya kwa dakika nzima itaendelea kuamini kwamba mteja yupo, hata kama simu yake ilizimika zamani. Ikishajaribu kutuma jibu na kugundua ameondoka, kwa kawaida PHP huikatisha skripti papo hapo, popote ilipofikia.

Kwa ukurasa wa habari, hilo ni jema: hakuna haja ya kumwandalia mlo mgeni aliyekwisha kwenda zake. Kwa malipo, ni hatari kubwa. Skripti ikikatishwa baada ya fedha kupokelewa na kabla ya risiti kuandikwa, mwananchi atakuwa amelipa bila ushahidi. Ili kuzuia hilo, PHP ina amri ya ignore_user_abort, inayoiagiza skripti iendelee hadi mwisho hata mteja akiondoka.

Amri hiyo inafaa kutumiwa kwa kiasi. Ikiwekwa kila mahali, wavamizi watafungua maelfu ya miunganisho na kuondoka, huku seva ikihangaika kukamilisha kazi zisizo na mwenyewe. Mahali pake ni kwenye hatua chache zisizoweza kuachwa nusu.

MALIPO YASIYORUDIWA

Aliyekatikiwa na mtandao hufanya jambo moja la kawaida mno: hubonyeza tena. Iwapo seva itayachukulia maombi hayo mawili kuwa tofauti, atatozwa mara mbili. Kwa mfugaji aliyeuza mbuzi ili apate karo na ada ya cheti, hilo si jambo dogo.

Dawa yake inajulikana. Fomu hupewa namba ya pekee kabla ya kutumwa, na hifadhidata hukataa kuipokea namba hiyo mara ya pili. Ombi likirudiwa, skripti haianzishi malipo mapya, bali hurudisha jibu la yale ya kwanza.

Aidha, uthibitisho wa malipo haufai kutegemea muunganisho wa mteja. Katika huduma za M-Pesa kwa wasanidi programu, ambazo Safaricom ilizifungua upya chini ya jina Daraja mwaka 2017, mlipaji huweka namba yake ya siri kwenye simu, kisha matokeo hutumwa kutoka kwa mitambo ya Safaricom moja kwa moja hadi kwa seva ya muuzaji. Mtandao wa mteja ukikatika katikati, matokeo hufika tu. Kinachobaki ni skripti kuyaandika mara moja hata yakiletwa mara mbili, na kumwonyesha mteja risiti yake atakaporejea.

ANWANI MOJA, WATU WENGI

Kosa lililoenea zaidi katika kuwazuia wavamizi ni kuhesabu maombi kwa anwani ya IP pekee. Anwani za toleo la zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu, na akiba yake kuu ya kimataifa iliisha Februari 2011. Kwa sababu hiyo, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Vivyo hivyo kwa tarakilishi zote za saiba moja mjini Isiolo.

Skripti inayoruhusu maombi kumi kwa dakika kwa kila anwani itawafungia nje wananchi walio kwenye saiba hiyo siku ya mwisho ya kuomba kazi au basari, huku mvamizi anayetumia maelfu ya mashine akipenya. Ni afadhali kuhesabu kwa kuchanganya anwani, akaunti ya mtumiaji na aina ya ombi, na kumwekea asiyejulikana kikomo kikali zaidi kuliko aliyekwisha kujitambulisha.

Vilevile, anwani yenyewe yaweza kughushiwa. Seva ikiwa nyuma ya proksi, skripti huona anwani ya proksi, na ile ya mteja huletwa kwenye kichwa cha ombi. Kichwa hicho huweza kuandikwa na yeyote. Skripti yapaswa kukiamini kinapoletwa na proksi inayojulikana pekee.

Ikumbukwe pia kwamba kumbukumbu hizi ni habari za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakitaja kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Orodha ya anwani na saa zilipoingia si mali ya kuachwa wazi wala kuhifadhiwa milele bila sababu.

Kwa wanaounda tovuti za umma, jaribio la maana haliwezi kukomea kwenye ofisi yenye mtandao wa kasi. Skripti na ijaribiwe kwa muunganisho wa polepole, ikatwe kwa makusudi katikati ya malipo, kisha ombi lirudiwe. Ikiwa fedha zitaonekana mara moja, risiti ikapatikana na nafasi kwenye seva ikaachwa wazi, mwananchi wa Merti atahudumiwa sawa na wa Nairobi. Na seva inayoweza kumvumilia aliyekatikiwa bila kushikwa mateka naye ndiyo iliyo na nafuu pia siku mvamizi atakapobisha hodi.