Kufundisha Tarikhi ya Muziki wa Emo

Mwanafunzi aanzaye kusoma tarikhi ya muziki wa emo huja na picha ya miaka ya 2000: nywele zifunikazo jicho, nguo nyeusi, na bendi ya My Chemical Romance. Mwalimu akianzia hapo atakuwa amefundisha mavazi. Asili yake ni Washington, mji mkuu wa Marekani, ambako maonyesho ya muziki wa panki yalikuwa yameingiwa na ngumi na ugomvi. Bendi ya Rites of Spring, iliyoundwa mwaka 1984, ilishika kasi ile ile ya ngoma na magitaa, lakini mwimbaji wake, Guy Picciotto, aliimba majuto na mapenzi yaliyovunjika, sauti ikimkatika. Santuri yao ilitolewa na Dischord mwaka 1985. Jina lenyewe, lililokatwa katika neno la Kiingereza lihusulo hisia, wenyewe hawakulipenda. Ian MacKaye wa bendi ya Embrace alilikejeli jukwaani. Yafaa basi darasa lisikilize santuri hiyo kabla ya jina kutajwa, kisha lisikilize Diary ya mwaka 1994, ya bendi ya Seattle iitwayo Sunny Day Real Estate, ambamo utulivu na kelele hupokezana. Nywele na wanja zaweza kungoja kipindi cha tatu.