Gundi ya Mgunga, Kutoka Garissa Hadi Wodini

Kiangazi kinapokaza Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, penye jeraha kwenye gome la mgunga hutoka utomvu unaoganda kuwa donge la rangi ya asali. Wachungaji na akina mama huyachuma madonge hayo malishoni. Ndiyo gamu arabiki, ambayo wagonjwa wengi wameimeza bila kujua: hushikamanisha unga wa tembe na kuzuia dawa za maji zisijitenge.

Molekuli yake ni sukari zilizotanda matawi matawi, zikishikizwa na protini kidogo, kama asilimia 2 hivi. Katika dawa iliyochanganya mafuta na maji, protini hung'ang'ania tone la mafuta, sukari hubaki upande wa maji, matone yakashindwa kuungana.

Imewahi kuingia hata mishipani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanafiziolojia William Bayliss wa London alichanganya gundi asilimia 6 katika maji ya chumvi, na madaktari wa jeshi wakawatundikia majeruhi waliovuja damu. Maji ya chumvi peke yake hutoroka mishipani upesi. Molekuli za gundi ni kubwa, hivyo zilibaki humo na kuyazuia. Shinikizo la damu likapanda. Lakini kufikia miaka ya 1930 wataalamu wa maradhi walikuwa wakiikuta gundi hiyo imejikusanya kwenye maini. Mwanafiziolojia na mpasuaji walifanya kazi bega kwa bega. Wa kulichungua ini alifika amechelewa.

Siku hizi watafiti wanaijaribu kama jeli ya kufunikia vidonda. Kikwazo ni kwamba huyeyuka majini upesi mno, na kidonda kina majimaji. Mkemia basi huiunganisha na kaitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa. Mhandisi hupima jeli inavyovutika, mwanabiolojia huangalia seli za ngozi zinavyoipokea, naye muuguzi ana swali lake: itabandukaje bila kumtonesha mgonjwa?

Anayesahaulika ni mchumaji, na hilo ni kosa la kisayansi kabla ya kuwa la kibiashara, kwani yeye ndiye ajuaye gundi imetoka mti gani. Gunia moja laweza kubeba gundi ya aina mbili za mgunga, Acacia senegal na Acacia seyal. Mwaka 1998 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilizitambua zote mbili kwa matumizi ya chakula, ila tabia zao si moja. Weka myeyusho kwenye polarimita, kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyozungushwa: gundi ya senegal huuzungusha mwanga kushoto, ya seyal kulia. Gunia la mchanganyiko humpa mkemia kipimo kisichoeleweka, na jeli ya mwezi huu haitafanana na ya mwezi ujao.

Mchungaji wa Kisomali, aliyekua akiuita mgunga wa senegal cadaad, hahitaji polarimita kuutambua. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu yenye makao Muguga, imewafundisha wachumaji wa maeneo kame kugema na kupanga gundi kwa madaraja. Kazi hiyo hulipa pale tu mnunuzi anapofika na bei mbili. Akipima kilo bila kufungua gunia, hakuna atakayejisumbua kutenganisha.