Fundi Asiyekuwa na Cheti

Ndugu wafanyakazi, katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mishahara, mikataba na viongozi. Leo naomba nafasi nimkumbuke mtu ambaye hakuwa kiongozi wa chochote. Ni baba yangu mzazi, aliyefariki mwaka 1993 mtaani Walukuba, mjini Jinja. Jeshini alikuwa dereva na fundi wa malori. Kiwandani aliandikwa kibarua. Mtaani watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Afande.

Alizaliwa upande wa Kitgum, akaingia King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Batalioni ya 4, ambayo ilikuwa ya watu wa Uganda, ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na vijana wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Divisheni hiyo ilikaa kwanza Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 ikaingia Burma kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Mvua ya huko haikuwa na mapumziko. Barabara iligeuka uji, ikabidi magogo yalazwe yakipakana ili malori yapite, na mara nyingi chakula kiliangushwa kwa ndege. Mwezi wa Desemba walifika mto Chindwin, na hapo Kalewa likajengwa daraja la vyuma vya kuunganisha lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Baba alivuka juu yake akiendesha lori, na kila mara alipolitaja daraja lile alitabasamu kama mtu anayemtaja rafiki.

Habari ya kuua hakuisimulia kamwe. Ukimwuliza vita, alikujibu tope. Angekueleza jinsi lori lilivyokwama, na jinsi walivyokata gasketi kutoka ngozi ya kiatu kilichochakaa kwa sababu kipuri hakikuwapo. Kitu kingine alichorudi nacho ni woga wa miguu yenye maji. Kila jioni ya mvua sisi watoto tulipangwa mstari barazani, naye akatukagua vidole vya miguu kimoja kimoja, akavipangusa kwa kitambaa. Majirani walicheka. Sisi tulidhani kila baba hufanya hivyo.

Vita vilipokwisha askari walipewa bahashishi ya kuagana. Kwamba malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya mtu, si siri tena: hati za serikali ya Uingereza zilizoandikwa magazetini mwaka 2019 zilionyesha kuwa askari mweupe alipewa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Baba hakuishi hata kuyasoma hayo. Lakini hakuhitaji gazeti, kwani alikuwa ameihesabu fedha yake mezani, na mwenzake mweupe alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

Alirudi akafanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa Aprili 1954, na ambalo leo huitwa Nalubaale. Umeme ulipopatikana, viwanda vikaja Jinja, naye akaomba kazi katika kimojawapo. Alichukua kitabu chake cha jeshi kilichoandikwa kuwa ni dereva na fundi. Karani alikitazama, akakifunga, akasema hicho si cheti. Basi akaandikwa mfagiaji wa karakana. Baadaye akawa msaidizi wa fundi, na jina hilo la "msaidizi" lilimganda zaidi ya miaka ishirini.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Chini ya mwembe nyuma ya nyumba palijaa baiskeli, karabai, stovu za mafuta ya taa, cherehani na redio. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kunyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe. Baba hakununua msumari mpya kama wa zamani ulikuwapo. Mjane hakulipa. Mlevi alilipa kabla. Ukiuliza kwa nini, alijibu kwamba mlevi atasahau. Na kila aliyeleta kitu alilazimishwa kukaa na kutazama. "Usiniachie tu uende," alisema, "siku nyingine sitakuwapo." Mama alilalamika kwamba anawafundisha wateja wakimbie, na mama alisema kweli, maana wengi hawakurudi tena.

Mwaka 1972 serikali ya Amin iliwafukuza Waasia, wakapewa siku 90 za kuondoka. Wenye viwanda wakaenda, wahandisi wengi wakaenda, na vipuri vikakoma. Wafanyakazi wa zamani wa Jinja hawana haja ya kukumbushwa. Pale alipokuwa baba, pampu ya maji ilikula kitako cha ekseli, ikaanza kulia na kutikisika. Meneja mpya aliandika barua Kampala. Baba alichonga kitako kingine kwa mti mgumu, akakichemsha katika mafuta usiku kucha katika sufuria ya mama, akakitia asubuhi. Pampu ikavuta maji. Kitako kile kilidumu wiki kadhaa, kikaisha, akachonga kingine. Hivyo hivyo kwa miezi, na zamu tatu za watu hazikurudishwa nyumbani. Mwisho wa mwezi mshahara wake ulikuwa ule ule wa msaidizi. Sufuria nayo haikufaa tena kwa kupikia.

Aliyeikamata habari hii alikuwa katibu wa tawi la chama. Hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu: baba na fundi mmoja mwenye cheti wapewe mashine moja iliyoharibika aina moja, kila mtu yake, mbele ya watu. Uongozi ulikataa mara mbili, ukakubali mara ya tatu. Baba alimaliza kwanza. Akapewa daraja la fundi, ikiwa imebaki miaka minne astaafu. Malipo ya nyuma hakupata hata senti moja, na jambo hilo lilimuuma mpaka kufa kuliko lile la Burma. Alisema ya Burma yalifanywa na wageni.

Tangu sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008, Uganda ilikuwa na utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi kwa mikono na kumpa cheti. Binti wa dada yangu alipimwa hivyo kwa kazi ya pampu, akafaulu. Yeye ndiye mwenye sanduku la baba sasa: spana zote zimo, nyundo mbili, koleo, chuma cha kulehemu, na makopo ya misumari iliyonyooshwa. Tupa kubwa ndiyo haimo. Iliazimwa wiki ya matanga, na aliyenayo anajijua.