Upasuaji wa ubongo mgonjwa akiwa macho: Kwa nini wanataka uongee

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alivuka Daraja la Kigongo–Busisi akitokea hospitali, bahasha ya picha za MRI mapajani, akaja kliniki kwangu hata nyumbani hajapita. Mumewe alikuwa nyuma yake. "Daktari, wanataka kunifungua kichwa nikiwa macho," akaniambia. "Mimi nimekataa."

Amekubali niandike habari yake bila jina, kwa sababu anajua si yeye peke yake anayeogopa.

Miezi michache iliyopita alikuwa akiandika ubaoni mkono wa kulia ukaanza kutikisika. Akataka kuwaita wanafunzi, maneno hayakutoka. Akaanguka. Kuna jirani aliyesema ni majini, na wiki tatu zikapotelea huko. Kifafa kinachoanza ukubwani kinahitaji picha ya ubongo, na picha ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto, jirani kabisa na sehemu inayotawala usemi.

Mumewe ndiye aliyeuliza swali nililolipenda. "Daktari, nisamehe. Au ni kwa sababu dawa ya usingizi ni ghali, ndiyo maana wanamchana hivyo hivyo?"

Hapana, baba. Upasuaji wa namna hii unahitaji watu wengi zaidi chumbani, si wachache: daktari bingwa wa ubongo, daktari wa ganzi na usingizi asiyebanduka kichwani pa mgonjwa, na mtu wa kuzungumza naye muda wote. Si kila hospitali inaweza kuufanya. Wagonjwa wa kanda hii huanzia Bugando, na wengine hupelekwa hadi MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Huko ndiko daktari bingwa huamua kama mgonjwa alazwe usingizi mwanzo hadi mwisho, au aamshwe katikati.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba ubongo wenyewe hauna maumivu. Ndio unaotuambia kidole kimeungua, lakini wenyewe ukiguswa hausikii. Kinachouma ni ngozi ya kichwa, utando wa juu ya mfupa na ule mgumu unaofunika ubongo. Hizo ndizo hupigwa sindano za ganzi, kuzunguka kichwa chote. Mara nyingi mgonjwa hulazwa usingizi wakati ngozi na fuvu vinafunguliwa, huamshwe ubongo ukishakuwa wazi, kisha hulazwa tena wakati wa kufunga. Atasikia kuvutwa, kubanwa, na sauti za vyombo. Uso wake hauzibwi, anamwona anayezungumza naye. Ganzi ikipungua anasema, anaongezewa.

Sasa kwa nini aamshwe? Kwa sababu picha ya MRI inaonyesha uvimbe ulipo, lakini haionyeshi kwa uhakika neno linatoka wapi. Vitabu vyetu vina ramani ya ubongo, ila kwa kila mtu mipaka husogea kidogo, na uvimbe wenyewe unaweza kuisukuma. Hivyo daktari hugusa ubongo kwa umeme mdogo sana, huku mgonjwa akihesabu au akitaja picha anazoonyeshwa. Akiguswa mahali fulani akanyamaza ghafla, au akaliita jembe "panya", daktari huweka alama pale na kupaacha. Umeme ukiondolewa, maneno yanarudi. Mgonjwa aliyelala fofofo hawezi kumwonya mtu yeyote. Kosa lingegundulika akishaamka, na hapo maneno yaliyokatwa hayarudishwi.

Wilder Penfield aliifanya kazi hii kwa miaka mingi huko Montreal, Kanada, katika taasisi iliyofunguliwa mwaka 1934, akiwatibu wagonjwa wa kifafa. Mwaka 2020, huko London, mgonjwa mmoja alipiga fidla mezani ili madaktari wasiguse sehemu inayoongoza vidole vyake.

Na sisi wa Ziwa tusidhani ni mambo ya Wazungu tu. Ng'ambo ya kaskazini-mashariki, Kisii nchini Kenya, mafundi wa Abagusii walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliye macho, hasa aliyeumwa kichwa bila kukoma baada ya kupigwa. Daktari Edward Margetts, aliyekuwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwachunguza na kuandika habari zao. Walikwangua mfupa taratibu na kujihadhari wasitoboe utando ulio chini yake. Ganzi hawakuwa nayo. Mgonjwa alishikwa na ndugu. Siwasifu ili mtu awatafute, maana kidonda kile kilikuwa mlango wazi wa maambukizi. Nasema tu kwamba mwalimu wangu ana ganzi, na anayemshika mkono amesomea kazi hiyo.

Jambo ambalo wagonjwa wetu husahau kumwambia daktari ni lugha. Mwaka 1978, George Ojemann na Harry Whitaker walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wawili wenye lugha mbili kila mmoja. Kuna mahali ambapo umeme ulivuruga lugha zote mbili, na mahali ambapo ulivuruga moja tu. Ukipimwa kwa Kiswahili peke yake, Kisukuma unachozungumza na mama yako kinaweza kuwa hatarini bila mtu kujua. Taja lugha zako zote kabla. Taja na kazi yako: kushona nyavu, kuandika, kuimba kwaya. Tena picha ziangaliwe mapema. Anayeishi Busisi anajua mtumbwi, kasia na sangara; akionyeshwa mnyama wa nchi za theluji akanyamaza, hiyo si dalili ya ubongo.

Hatari zipo. Umeme ule unaweza kuamsha kifafa hapo mezani, na madaktari hummwagia ubongo maji ya baridi kukituliza. Wapo wanaochoka, wanaotapika, wanaoamka na ulimi mzito au mkono dhaifu kwa siku au wiki kadhaa. Kwa wachache udhaifu hubaki. Na wapo wasiofaa kabisa: mwenye hofu isiyotulizika, mwenye shida ya kupumua usingizini, au ambaye usemi umekwisha kuharibika sana.

Wazazi mnaoniuliza kuhusu watoto: mtoto mdogo hawezi kutulia na kushirikiana kiasi hicho, kwa hiyo hulazwa usingizi kamili. Kwa vijana wakubwa daktari huamua mmoja mmoja. Lakini mtoto anayeumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, anayeanza kupepesuka, au ambaye kichwa kinakua haraka kupita mwili, msimpeleke kokote kabla ya hospitali.

Tulikaa karibu saa nzima, foleni nje ikininung'unikia. Mwishoni mwalimu aliuliza kama anaweza kukutana kabla na mtu atakayezungumza naye chumbani. Anaweza, na ana haki ya kuomba. Tukapiga simu, tukapewa siku. Nikamwandikia barua: Kisukuma, Kiswahili, Kiingereza cha darasani, anaandika kwa mkono wa kulia.

Mumewe alikuwa amekwishaanza kumuuliza, akisonta ukutani: "Hiyo nini?" "Kalenda." "Na hiyo?" "Acha, bwana, bado sijafika huko."