Leptospira: mikrobe inayokaa katika figo za wanyama

Mimba ya ngombe ao nguruwe ikitoka, wengi wanasema ni baridi ao majani mabaya. Lakini mara nyingine sababu ni mikrobe ndogo sana: leptospira.

Inafanana na nini?
Ni nyembamba kama uzi, imejizungusha kama resori, na ncha zake zimepinda kama ndoana. Juu ya wembamba huo, mikroskopi ya kawaida haiioni vizuri. Inatembea kwa kujizungusha, na inaingia mwilini kwa kidonda kidogo, macho ao kinywa.

Ni ya ukoo gani?
Ni ya ukoo wa spiroketi, pamoja na mikrobe ya kaswende. Leptospira zingine zinakaa katika maji na udongo bila kudhuru mtu. Zile zinazoleta ugonjwa zimegawanywa kwa aina zaidi ya 200, na nyingi zina mnyama wao: Hardjo kwa ngombe, Pomona kwa nguruwe, Canicola kwa mbwa, Icterohaemorrhagiae kwa panya. Ndiyo maana chanjo ya aina moja mara nyingi haikingi aina ingine.

Juu ya nini tujihadhari?
Mnyama anaweza kuonekana mzima, kumbe anaitoa kwa mkojo miezi mingi. Katika matope na maji yaliyosimama inaishi wiki nyingi. Mtu anashikwa na homa, kichwa na maumivu ya miguu. Wengine macho yanakuwa njano na figo zinaharibika. Mwaka 2022 kule Lindi, Tanzania, wagonjwa 20 walitangazwa, na 3 kati yao walikufa. Kule wanaiita homa ya mgunda.

Hapa Beni na Butembo tulipita katika Ebola ya 2018 mpaka 2020, na tunajua homa nyingi zinafanana mwanzoni. Usikisie nyumbani. Nenda kituo cha afya mapema, umwambie munganga kama unachunga nguruwe ao ulisaidia ngombe kuzaa. Doksisiklini na penisilini zinaitibu, lakini ni munganga anayeziandika.

Tufanye nini?
- Vaa buti ukiosha zizi, na funika vidonda.
- Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Ifukie, kisha ita veterinere.
- Chimba mfereji ili mkojo usifike kwenye chemchemi, na chemsha maji ya kunywa.
- Zuia panya katika depo ya mahindi na maharagwe.
- Kausha zizi: jua na javel vinaua mikrobe hii.